Jangwani bila mafuriko: mto unatengenezwaje, na nani atabaki kuishi kando yake?

Mashabiki wa Simba na Yanga hawakubaliani karibu kwa lolote, ila kuna kitu kimoja wanachangia wapende wasipende: bonde. Huku Wekundu wa Msimbazi, kule Watoto wa Jangwani. Msimbazi ni mto, Jangwani ni uwanda wake wa chini, na vyote viwili ni bonde lile lile ambalo masika yakikaza linaiingiza Dar es Salaam kwenye taarifa ya habari: Barabara ya Morogoro imefungwa, mwendokasi imesitishwa, watu wanavushwa mgongoni kwa hela.

Sasa bonde hili liko kwenye matengenezo makubwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, Uhispania na Uholanzi nazo zikatia mkono, na TARURA ndo wako kwenye usukani wa utekelezaji. Nyumba nyingi za bonde la chini zilishathaminiwa, wenyewe wakalipwa, zikavunjwa. Kinachopangwa ni mto kupanuliwa, kingo kuinuliwa, daraja jipya la Jangwani, na bustani kubwa ya jiji katikati, pale watu walipokuwa wanakoga matope.

Makala hii ina maswali mawili. La kwanza ni la fizikia: maji yale yanatoka wapi, na mradi unayafanya nini? La pili ni la maisha: eneo likishakuwa kavu na zuri, nani atabaki kuishi pale? Kwa kawaida haya yanajadiliwa mbalimbali, wahandisi kwenye ukumbi wao, wapangaji barazani kwao. Nitajaribu kukuonyesha kwamba ni swali moja.

Mvua ile ile, maji mengi zaidi

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unashuka kilometa 35 hivi na kuingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito vya Ubungo, Sinza na Mto Ng'ombe, miongoni mwa vingine. Eneo lote ambalo tone la mvua likianguka lazima liishie kwenye mto huu lina zaidi ya kilometa za mraba 250. Kwa hiyo mtu wa Hananasifu anaweza kufurikiwa na mvua ambayo haikumnyeshea. Imenyesha Pugu, yeye kwake jua linawaka, na maji yanakuja.

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo Dar tunaijua vizuri, maana yake ni kwamba kila meta moja ya mraba imepokea lita 50. Zidisha kwa kilometa za mraba 250, unapata meta za ujazo milioni 12.5. Hayo ndo yaliyotoka angani.

Lakini sio yote yanafika mtoni. Ardhi yenye msitu na udongo uliolegea inakunywa sehemu kubwa, nyingine inabaki kwenye majani. Tuseme asilimia 20 tu ndiyo inayotiririka: mto unapokea meta za ujazo milioni 2.5. Sasa weka mabati, lami, sakafu za zege, uwanja wa nyuma uliosakafiwa ili kusiwe na vumbi. Tuseme mtiririko umepanda kuwa asilimia 60. Mto sasa unapokea milioni 7.5. Ukipenda picha, ni kama maboza 250,000 ya lita 10,000 yamegeuka kuwa maboza 750,000, na mvua haijaongezeka hata tone. Asilimia hizo nimezichagua kwa mfano, lakini mwelekeo wake ndio unaotokea kwenye mji wowote unaojengwa kwa kasi.

Na mji wetu umejengwa kwa kasi kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja ndani ya miaka 10, na kila mmoja anahitaji bati juu ya kichwa chake. Paa la meta za mraba 100 peke yake, kwenye mvua ya milimita 50, linatoa lita 5,000. Ni simtanki tano za lita elfu, nyumba moja, siku moja.

Kuna jambo la pili ambalo ni baya kuliko wingi: kasi. Maji ya msituni yanafika mtoni polepole, kwa masaa, hata siku. Maji ya bati na mtaro yanafika ndani ya dakika. Maboza yote yanagonga geti kwa wakati mmoja. Mafuriko mengi ya mjini yanaletwa na msongamano huu wa maji kuliko jumla yake, sawasawa na foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni.

Kwa nini yanagomea Jangwani?

Juu kwenye vilima mto una mteremko mkali, maji yanakimbia, na maji yanayokimbia yanabeba mchanga. Yakifika bonde la chini, mteremko unapungua sana, maji yanapunguza mwendo, na mchanga hauna wa kuubeba tena. Unatua. Ndo maana ukipita Jangwani baada ya mvua unakuta mchanga umejaa hadi karibu na tumbo la daraja. Mto umepandisha sakafu yake wenyewe, nafasi ya maji imepungua.

Mchanga huo hauji kwa bahati mbaya. Ukikata miti Pugu, ukilima hadi ukingoni, ukichimba mchanga wa kujengea kwenye kuta za mto, umeulegeza udongo ambao mizizi ilikuwa imeushika. Ongeza chupa za plastiki na takataka za kila mtaa ulioko juu. Kwa hiyo kukodi eskaveta kila mwaka kuzoa mchanga Jangwani ni sawa na kudeki sakafu huku bomba limeachwa wazi. Linasaidia, ila hulimalizi.

Halafu kuna bahari. Wavuvi wa Kunduchi hawahitaji kufundishwa bamvua ni nini: mwezi mpevu na mwezi mwandamo bahari inajaa kuliko kawaida, na hapa kwetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua inapita meta 3. Mvua kubwa ikikutana na bamvua saa ya maji kujaa, mto unafika Salenda na kukuta mlango umefungwa kwa nje. Maji yanasubiri. Na mahali pa kusubiria ni bondeni, sebuleni kwa watu.

Disemba 2011 vitu hivi vilitukumbusha nguvu zake: watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na serikali ikahamishia familia za mabondeni Mabwepande, kule upande wa Bunju. Aprili 2018 yakaja mengine, na watafiti wa Benki ya Dunia wakakadiria kwamba kaya za Dar zilipata hasara ya takriban dola milioni 100. Magodoro, friji, cherehani, mitaji ya mama lishe. Hela ambayo hakuna bima iliyoirudisha.

Kutoka sahani hadi sufuria

Mradi unafanya nini basi? Wazo kuu ni rahisi, na linatokana na warsha ndefu za mwaka 2018 zilizowakutanisha wahandisi, wapangaji miji, maofisa na wakazi.

Bonde la sasa ni kama sahani bapa: pana, lisilo na kina. Mwaga kikombe cha maji kwenye sahani, yanasambaa hadi ukingoni. Mwaga kikombe hicho hicho kwenye sufuria, yanatulia chini. Mradi unataka kuigeuza sahani iwe sufuria. Katikati inachimbwa, mto unapata njia pana na ya kina. Udongo unaochimbwa unasogezwa pembeni na kuinua kingo, ambazo zitakuwa juu ya maji na zinaweza kujengwa. Chini ya sufuria panabaki bustani, viwanja vya michezo, miti. Mafuriko yakija, wa kulowa ni goli la mpira, si kitanda cha mtu.

Kuna kanuni moja ya kuishika hapa. Kila meta moja ya ujazo ya kifusi unayoweka kwenye bonde inamnyang'anya mto nafasi ya meta moja ya ujazo, na maji hayo yatatafuta kwingine pa kwenda. Mtu akijaza kifusi kiwanja chake peke yake, amejiokoa yeye na kumzamisha jirani. Kuinua kingo kunakubalika tu kama katikati pamechimbwa vya kutosha kufidia. Ukiona kifusi kinamwagwa bondeni, uliza: kimechimbwa wapi?

Pale mdomoni, mikoko. Mizizi yake inapunguza kasi ya maji, inakamata matope, na upande wa bahari inavunja nguvu ya mawimbi. Na kule juu, Pugu na Kazimzumbwi, misitu na mitego ya mchanga. Hii sehemu ya juu haipigwi picha na wanasiasa kama daraja, lakini bila hiyo sufuria itajaa mchanga na kurudi kuwa sahani. Ni suala la miaka tu.

"Mafuriko ya miaka 50" si ya baada ya miaka 50

Utasikia kwenye mikutano kwamba ujenzi fulani umesanifiwa kuhimili mafuriko ya "miaka 50" au "miaka 100". Wengi wanaelewa kwamba yakija leo, tumepumzika hadi wajukuu. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa 1 kati ya 50, yaani asilimia 2, wa kupata mafuriko makubwa kiasi hicho au zaidi. Mto haukumbuki kwamba ulishafurika mwaka jana. Ni kama kurusha sarafu: kupata mwenge mara hii hakuizuii sarafu kutoa mwenge tena.

Sasa kama utaishi pale miaka 25, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 40 hivi. (Uwezekano wa kuepuka mwaka mmoja ni 0.98. Zidisha 0.98 kwa yenyewe mara 25, unapata kama 0.60. Kilichobaki ndo chako.) Na hesabu hiyo imechukulia kwamba hali ya hewa ya kesho itafanana na ya jana, jambo ambalo bahari inayozidi kupata joto haituahidi.

Kwa hiyo ukiambiwa "eneo hili sasa ni salama", swali la kisayansi ni: salama kwa mafuriko ya miaka mingapi, na bondeni kukijazwa mchanga kiasi gani?

Walichojifunza Seoul

Mfano unaotajwa sana kwenye madarasa ya mipango miji ni kijito cha Cheonggyecheon, katikati ya Seoul, Korea Kusini. Kilikuwa kimefunikwa kwa zege na juu yake kukajengwa barabara ya angani. Kati ya 2003 na 2005 mji ukaibomoa barabara, ukakifukua kijito kwa urefu wa kilometa 5.8, ukapanda mimea. Matokeo yalipimwa: majira ya joto, kando ya kijito kulikuwa na ubaridi wa nyuzi 3.3 hadi 5.9 kulinganisha na barabara sambamba iliyo mitaa michache tu kando. Samaki na ndege wakarudi. Watu wakarudi.

Ila bei za ardhi nazo zikapanda, na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakiuza vifaa na nguo kandokando ya barabara ile wakaondoka. Wengi walihamishiwa uwanja wa zamani wa michezo wa Dongdaemun, kisha uwanja nao ukabomolewa. Watafiti wana jina la jambo hili, na kwa Kiswahili chetu naweza kuliita kufukuzwa na uzuri. Hakuna aliyekuja na greda. Mahali pamependeza tu, na kupendeza kukawa na bei.

Nauli ni kodi ya pili

Turudi kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo waliokuwa bondeni kabisa walikuwa na mgogoro na sheria hata kabla ya mradi. Fidia kwa sheria zetu inamfuata mwenye ardhi na mwenye jengo. Miradi ya Benki ya Dunia ina kiwango chake kinachotaka hata mpangaji na asiye na hati asaidiwe kuhama. Hadi hapo angalau kuna karatasi ya kushika mkononi.

Sasa chora mstari wa mpaka wa mradi. Nani yuko nje ya mstari kwa meta 100 tu? Magomeni, Hananasifu ya juu, Kigogo, Ilala, Mchikichini. Huko hakuna aliyevunjiwa, hivyo hakuna wa kulipwa. Lakini huko ndiko thamani ya bustani itakakotua. Mimi mwenyewe napanga Hananasifu, chumba na sebule, na mwenye nyumba wangu keshaanza msemo mpya: "Eneo linapanda hili, mwanangu." Hajakosea. Kama nilivyosema, maji yakiondolewa bondeni, bei itaingia. Na Tanzania ilifuta sheria yake ya kudhibiti kodi za nyumba mwaka 2005, kwa hiyo kodi inapanda kadiri mtu wa kulipa anavyopatikana.

"Si uhamie Chanika?" Sawa, tupige hesabu ya mfano. Mama anauza chai na vitumbua Kariakoo. Analipa chumba sh. 60,000 kwa mwezi na anaenda kwa miguu. Akihamia pembeni ya mji anapata chumba cha sh. 35,000, ameokoa 25,000. Tuseme sasa anapanda magari mawili, sh. 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, siku 26. Ni sh. 78,000. Chumba cha bei rahisi kimemgharimu sh. 53,000 zaidi kila mwezi, bado hatujahesabu kuamka saa tisa usiku. Watu hawakukaa mabondeni kwa sababu hawaogopi maji. Walipiga hesabu hii kwa kichwa, bila kalamu, na jibu likawa bonde.

Ndo maana baadhi ya waliopelekwa mbali na mabonde wamekuwa wakirudi. Mhandisi akiona wamerudi anasema ukaidi. Mtu wa hesabu anaona nauli.

Na hapa ndo maswali yangu mawili yanapokutana. Mtu aliyesukumwa na kodi haendi mbinguni, anaenda mahali ardhi ni rahisi, na kwenye mji wenye vilima na vijito mahali rahisi mara nyingi ni juu ya mto au kwenye bonde jingine. Atajenga, atapiga bati, atakata miti. Maji ya bati lake yatashuka. Yaani mradi usiofikiria makazi ya watu wa kipato kidogo unaandaa mafuriko yake wenyewe kule juu. Nyumba za bei nafuu kwenye zile kingo zilizoinuliwa zinafanya kazi ile ile ya mikoko: zinazuia mchanga usije.

Maswali ya kwenda nayo kwenye mkutano wa mtaa

Tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaa ya Dar na wakazi, kwenye mradi wa Ramani Huria, wakichora nyumba, mitaro na mahali maji yalipofikia. Kipimo chao bora mara nyingi kilikuwa bibi anayeonyesha ukutani: "Mwaka ule yalifika hapa." Hiyo ni data. Usione aibu kwenda nayo mkutanoni, ukauliza:

Kingo zitainuliwa hadi kimo gani, na kimo hicho kinazidi alama ya maji iliyoko ukutani kwangu kwa sentimita ngapi?

Baada ya wafadhili kuondoka, nani atazoa mchanga, kwa bajeti ipi, kila baada ya muda gani?

Kwenye ardhi mpya itakayojengwa, vyumba vingapi ni vya mtu anayelipa kodi kama ninayolipa mimi leo?

Wauza mchicha, mafundi gereji na mama lishe waliokuwa bondeni wametengewa wapi?

Na wakati unasubiri majibu, mvua haisubiri. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na angalia wa Kisarawe pia, sio wa mtaani kwako tu. Nyaraka na vyeti viwe juu, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi. Na usivuke maji yanayokimbia, hata yakionekana madogo: kina cha sentimita 15 tu, chini ya goti kabisa, kikiwa na kasi kinaweza kumwangusha mtu mzima.

Mto utachimbwa, daraja litasimama, miti itapandwa. Fizikia ya sehemu hiyo inajulikana, na inafanya kazi. Kilichobaki wazi ni orodha ya watakaokaa kwenye kivuli cha miti hiyo, na orodha hiyo haiandikwi na maji. Inaandikwa kwenye vikao, sasa hivi, kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa.